Mtaa Wetu Tuuchore Wenyewe: Mwongozo wa Kupanga Makazi Kabla Mpima Hajaitwa

Nikiingia kwenye mtaa nisioujua, swali langu la kwanza huwa moja: msiba ukitokea nyumba ya mwisho kule bondeni, jeneza linatokaje? Wenyeji hawachelewi kujibu. Watakuonyesha ukuta ambao lazima lipitishwe juu yake, au uani kwa jirani ambako huombwa ruhusa kila mara. Mahali jeneza linapokwama, hapohapo mjamzito hubebwa mgongoni usiku, na gari la zimamoto husimama barabara kuu likitazama moshi.

Mwongozo huu ni wa wakazi wa mitaa iliyojengwa kabla ya kupangwa. Dar es Salaam, jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu 5,383,728, sehemu kubwa ya watu wanaishi mitaa ya namna hiyo, nami mifano yangu mingi naitoa huko. Hatua zenyewe zinafaa pia Mwanza, Mombasa au Nairobi, ila majina ya ofisi yatabadilika.

Nina msimamo mmoja na nitaurudia: kubalianeni kwanza kuhusu maji na njia, hati ije baadaye. Mitaa mingi huanza kinyume. Watu wanaahidiwa hati, wanachanga fedha, mpima anakuja na kusimika mawe pale kuta zilipo, na vichochoro vyembamba vinabaki vilevile, safari hii vikiwa vimehalalishwa. Mkisha kupata hati, hakuna atakayerudisha ukuta wake nyuma hata kwa hatua moja.

Sheria mnayosimamia

Mkienda ofisini, msiende kama waombaji wa fadhila. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kuanzia kifungu cha 56 hadi cha 60, inaweka utaratibu wa kurasimisha makazi ambayo watu wameishi bila hati. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Kenya wana Katiba ya 2010, inayodai wananchi washirikishwe, na sheria ya mwaka 2019 ya upangaji wa matumizi ya ardhi. Chapeni vifungu vinavyowahusu na mwekeni mtu mmoja wa kamati ya upangaji ya mtaa wenu avisome mpaka avielewe. Mara nyingi mwalimu mstaafu wa mtaani huifanya kazi hii vizuri kuliko mtu yeyote.

Hatua ya kwanza: anzeni na kichochoro

Mkutano wa mtaa mzima ni mahali pa kuridhia. Haufai kuwa mahali pa kuanzia. Mkiita watu mia tatu chini ya mwembe, watasema wale waliozoea kusema, na mwenye hoja nzito kuhusu choo chake kufurika ataondoka nayo moyoni.

Huko Karachi, Pakistan, katika eneo la Orangi, kazi iliyoanzishwa mwaka 1980 na Akhtar Hameed Khan ilifanikiwa kwa sababu ilishuka hadi kwenye kichochoro. Nyumba 20 hadi 40 zinazotazamana zilikaa pamoja, zikachagua msimamizi wao, zikachanga na kulaza bomba lao la majitaka. Watu wa kichochoro kimoja wanajuana, na mmoja asipochanga wenzake wanajua sababu. Mukuru, eneo la mitaa ya mabanda huko Nairobi, ambalo kaunti ilitangaza mwaka 2017 kuwa eneo maalumu la upangaji, ina kaya zipatazo laki moja. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda Kenya, na wenzao walianza na makundi ya nyumba kumi kumi, kisha wakayaunganisha kupanda juu. Kwetu Tanzania wazo la nyumba kumi si geni hata kidogo.

Kila kichochoro kichague watu wawili, na mmoja wao awe mwanamke. Sisemi hivi kwa ajili ya kupendeza wageni. Mama anayechota maji, anayepeleka mtoto kliniki na anayemwaga majitaka ya kufulia ndiye anayejua utelezi ulipo na mahali ambapo giza linatisha saa moja usiku. Mwenye nyumba wa kiume anayeondoka alfajiri na kurudi usiku huijua njia moja tu, ile ya kwenda kituoni.

Kisha kuna wapangaji. Katika nyumba ya vyumba sita, inawezekana mwenye nyumba ni mmoja na wapangaji ni familia tano, lakini kwenye kikao anaitwa yeye peke yake. Wapangaji ndio wanaokanyaga matope, na mtaa ukinyooka kodi hupanda na wao ndio huhama kwanza. Waiteni. Wakieleza hofu ya kodi, mambo yaandikwe: kwa mfano, mwenye nyumba anayenufaika na mtaro wa pamoja akubali mbele ya kikao kutopandisha kodi kwa kipindi fulani. Makubaliano hayo hayana meno ya mahakama, ila mbele ya majirani yana uzito wake.

Muda nao ni jambo la kufikiria. Kikao cha Jumatatu saa tatu asubuhi ni kikao cha wastaafu. Jumapili saa kumi jioni mtawapata mama lishe, mafundi na vijana wa bodaboda.

Hatua ya pili: yafuateni maji

Msisubiri jua. Chagueni siku ya mvua ya masika, vaeni viatu vya mpira, mtembee mkifuata maji kutoka yanakoingia mtaani hadi yanakotokea. Anayebeba chaki au rangi aweke alama ukutani maji yalipofikia. Mvua ikikatika, pimeni urefu wa kila alama kutoka chini na uandikwe kwenye daftari pamoja na namba ya nyumba.

Wazee wataongezea yale ambayo mvua ya mwaka huu haikuyaonyesha. Waulizeni mvua za Desemba 2011, zilizoifurisha Dar es Salaam na kuwahamisha watu wa mabondeni kwenda Mabwepande, ziliishia wapi katika mtaa wenu. Waulizeni mkondo wa zamani ulipita wapi kabla nyumba hazijajengwa, maana maji hayasahau njia yake. Utakuta nyumba inayofurika kila mwaka imekaa juu ya kijito ambacho wajukuu hawakuwahi kukiona.

Mambo mawili yanasahaulika hapa. Kwanza, maji yenu yametoka kwa jirani wa juu na yanakwenda kwa jirani wa chini. Mkichimba mtaro unaoishia mpakani, mmepeleka mafuriko mtaa wa pili, nao watakuja na majembe. Wenyeviti wa mitaa yote miwili wakae kabla ya jembe la kwanza. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kama kuna nyumba ndani ya mita hizo, waambieni wenyewe ukweli mapema. Nimeona watu wakiachwa wachange kama wenzao, halafu mwishoni wakaambiwa nyumba zao hazimo kwenye ramani. Aliyetendewa hivyo haji tena kwenye mkutano wowote, na sioni kosa lake.

Hatua ya tatu: ramani ya msingi

Ramani ya mtaa haihitaji mamilioni. Mwaka 2011 wakazi wa Tandale pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi waliuchora mtaa wao kwa vifaa vidogo vya kuonyesha mahali, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ulieneza kazi hiyo kata kwa kata jijini, hasa zile zinazofurika. Kazi zao ziliingizwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo wazi kwa kila mtu. Fungueni mtaa wenu huko, huenda nyumba zenu zimeshachorwa. Chapeni kwa karatasi kubwa kwenye duka la steshenari, kubwa kiasi cha kuandika jina juu ya kila paa.

Mtandike ramani hiyo mezani, mtoto wa darasa la sita atafute nyumba yao. Akiipata, ramani inasomeka. Asipoipata, ongezeni alama za mahali watu wanapopajua: msikiti, kanisa, mashine ya kusaga, genge, mwembe mkubwa, saluni.

Baada ya hapo ndipo mnatembea na futi kamba ndefu. Upana wa njia upimwe kila baada ya mita kumi, kutoka ukuta hadi ukuta, maana kichochoro chenye mita tatu mwanzoni kinaweza kuwa na mita moja na nusu katikati. Andikeni nguzo za umeme, mabomba, visima, makaburi, miti mikubwa, na mahali makaro ya majitaka na vyoo vya shimo vilipo. Vyoo ni muhimu mno: choo ambacho gari la kunyonya haliwezi kukifikia kitatapishwa wakati wa mvua, usiku, na uchafu wake utapita mlangoni kwa mwingine.

Andikeni pia vitu visivyo na kuta. Kibaraza cha wazee wa bao, kiwanja cha mpira kilicho kwenye shamba la mtu, kona ambapo akina mama husukana. Zanzibar, idara ya mipango miji ilipotengeneza mpango wa Ng'ambo, sehemu ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, waliupa jina la Ng'ambo Tuitakayo, na katika maandalizi walipita mitaani kuorodhesha majengo na sehemu ambazo wenyeji wanazithamini. Kisichoandikwa kwenye ramani huchukuliwa kuwa ni uwazi, na uwazi mjini haukosi mtu wa kuuuza.

Hatua ya nne: kutoa ardhi kwa ajili ya njia

Hapa ndipo mitaa mingi hukwama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Gari la zimamoto lina upana wa kama mita mbili na nusu. Njia ya mita nne inalitosha, na inaacha nafasi ya mtu kubana ukutani. Tuseme njia yenu kuu ya ndani ina upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 120. Mnapungukiwa mita 1.6. Mkigawana sawa, kila upande unatoa sentimita 80. Nyumba yenye ubavu wa mita 12 kando ya njia itatoa mita za mraba 9.6, sawa na chumba kimoja kidogo. Ukiitamka hesabu hii mbele ya watu, hofu hupungua, kwa sababu kabla ya hapo kila mmoja alidhani nyumba yake inabomolewa.

Msitangaze hesabu hiyo mkiwa ofisini. Nendeni kwenye kichochoro chenyewe mkiwa na kamba na chokaa, mvute mstari ardhini mchana kweupe wenye nyumba wakiwa wamesimama milangoni. Mstari unaoonekana hubishaniwa vizuri kuliko mstari wa kwenye karatasi. Mara nyingi utakuta kinachoguswa ni uzio wa michongoma, ngazi au banda la kuku. Mahali unapogusa chumba cha mtu anayeishi humo, jaribuni kwanza kuupeleka mstari upande wa pili ulio wazi. Mgawanyo sawa ni mahali pa kuanzia mazungumzo tu, maana kuna nyumba haina cha kutoa na nyingine ina uwanja mzima.

Mwenye nyumba ya kona hutoa zaidi ya wenzake, maana gari linahitaji nafasi ya kukata kona. Lazima apate kitu. Wenzake wanaweza kumjengea ukuta mpya, kumlipia sehemu yake ya mchango wa upimaji, au kumpa haki ya kuweka genge upande wa barabara mpya. Chochote mtakachoamua, kiandikwe siku hiyohiyo, kisainiwe na mtoaji, mwenzi wake na majirani wa pande zote, mbele ya mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Nimesema mwenzi wake kwa makusudi. Mume anaweza kutoa kipande ambacho ndicho jiko la mkewe, na ugomvi ukaanza baada ya kamati kuondoka.

Watakuwepo wanaokataa. Mtu akikataa, mrudieni watu wawili anaowaheshimu, bila kamati nzima. Sikilizeni, kwa kuwa sababu yake ya kweli huwa nyuma ya ile aliyoitamka: kesi ya mirathi haijaisha, au kaka yake wa Ulaya ndiye mwenye kiwanja, au aliwahi kudhulumiwa kwenye mpango uliopita. Mirathi inahitaji muda. Dhuluma ya zamani inahitaji kusikilizwa. Ukiona mnalazimika kutumia mabavu kwa nyumba nyingi, basi mstari wenu ni mbaya. Uchoreni upya.

Si kila njia iwe ya mita nne. Chagueni njia mbili au tatu za magari, zilizobaki ziwe za miguu, pana kiasi cha kupitisha mkokoteni, kiti cha magurudumu na lile jeneza. Mtaa ambao kila nyumba inafikiwa na gari utakuwa umebomoa nyingi mno, na watoto watakosa pa kuchezea.

Hatua ya tano: mitaro, kivuli na taka

Mtaro mzuri unataka mteremko. Ushuke angalau sentimita moja kwa kila mita mkiweza, na kwenye ardhi tambarare nusu yake. Fundi ujenzi wa mtaani anao mpira mwangavu wa maji wa kupatia levo. Vuteni mpira huo kutoka nyumba hadi nyumba kuliko kuamini macho, maana ardhi inayoonekana inashuka inaweza kuwa inapanda. Jenga kuanzia chini kwenda juu. Ukianzia juu, mvua ya kwanza itajaza maji mahali ulipoishia.

Hanna Nassif, Kinondoni, ilianza kazi hii mwaka 1994. Wakazi waliunda chama chao na kuingia mikataba ya kujenga mitaro na barabara kwa nguvu kazi ya mtaani, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wengine. Ninachokipenda zaidi hapo ni mikataba: vijana na akina mama wa mtaa walilipwa kujenga, na aliyejenga mtaro kwa mikono yake humfokea anayetupa taka ndani yake.

Miti ichaguliwe kwa mahali. Mwarobaini hutoa kivuli na huvumilia kiangazi, ila upandeni mbali na kuta na mabomba. Kibaraza kimoja chenye kivuli kina faida zaidi ya bustani yenye uzio uliofungwa kwa kufuli. Ardhi mliyoiacha wazi isisakafiwe yote, kwa sababu mchanga hunywa maji na saruji huyasukuma kwa jirani.

Taka: tafuteni mahali pamoja ambapo gari la halmashauri linafika, wala pasiwe mbele ya mlango wa mtu yeyote. Mkishindwa kupapata, wekeni mkokoteni wa kupita nyumba kwa nyumba na siku zake zijulikane.

Hatua ya sita: mkutano wa kuridhia

Tundikeni mchoro kwa wiki mbili kabla ya mkutano: ofisi ya serikali ya mtaa, msikitini, kanisani, na kwenye genge lenye wateja wengi. Wekeni kalamu iliyofungwa kwa uzi pembeni yake. Yatakayoandikwa humo yatawaokoa na aibu kubwa, kama lile kaburi mlilolisahau.

Siku ya mkutano, msomaji aoneshe kila kichochoro na mwakilishi wa kichochoro hicho ndiye aeleze kilichokubaliwa. Kamati isiwasemee. Muhtasari uandikwe kwa uangalifu, na orodha ya mahudhurio iwe na majina kamili, namba za nyumba na saini. Pingamizi nazo ziandikwe, hata zile zilizoshindwa, kwa kuwa afisa mipango miji akiona muhtasari usio na ubishi hata mmoja atajiuliza kama mkutano ulifanyika.

Hatua ya saba: fedha na mtaalamu

Sasa, na sasa tu, mwiteni mtaalamu. Mchoro wa mipango miji lazima uandaliwe na mtu aliyesajiliwa, na upimaji ufanywe na mpima aliyesajiliwa. Hamtakwepa hilo, na hampaswi kulikwepa. Tofauti ni kwamba mnampa makubaliano yaliyokamilika, yeye anayaweka katika vipimo na viwango.

Mtaa mmoja ninaoujua vizuri ulilipa fedha yote mwanzoni. Vijana walipita nyumba kwa nyumba kukusanya, risiti zilitolewa, kisha simu zikaacha kupokelewa. Kwa uchungu ule nasisitiza: lipeni kwa awamu zinazofuata kazi. Sehemu moja mchoro ukikamilika na wakazi kuukagua, nyingine halmashauri ikiuidhinisha, nyingine mawe yakisimikwa, na ya mwisho ramani ya upimaji ikisajiliwa. Fedha ikae benki kwenye akaunti yenye watia saini watatu kutoka vichochoro tofauti, na taarifa yake ibandikwe ukutani kila mwezi. Kabla ya kusaini, nendeni mtaa ambao mtaalamu huyo alishaumaliza, mkaulize wakazi bila yeye kuwepo.

Hatua ya nane: ofisini

Mpango upite kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, kisha uende halmashauri. Diwani ajue mapema, asikutane nao mezani. Pelekeni nakala tatu za kila karatasi na mgongewe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Chagueni watu wawili wavumilivu, wale wale, wawe wanaenda kila baada ya wiki mbili wakiwa na faili. Ukibadilisha wafuatiliaji kila mara, kila safari mnaanza upya kujieleza.

Hapa msilegee. Hata Mukuru, pamoja na upangaji wote ule, mwishoni mwa 2021 maelfu ya nyumba za Mukuru kwa Njenga, sehemu mojawapo ya Mukuru, zilibomolewa kupisha barabara. Mpaka mipaka yenu iwe imesajiliwa, ulizieni kila mradi wa barabara, reli au bomba unaopangwa karibu nanyi, na mwombe kuiona ramani yake.

Hati zikianza kutoka, kagueni majina. Mke na mume waliojenga pamoja waandikwe wote wawili. Yatima wenye nyumba ya marehemu wasiandikiwe baba mdogo.

Ramani halisi ifungwe kwenye plastiki na itunzwe ofisi ya mtaa, nakala ya pili ikae nyumbani kwa mtu asiye kiongozi, kwa sababu viongozi hubadilika na makabati yao hubadilika nao. Na mwezi Februari, kabla masika hayajafika, kila kichochoro kitoke na makoleo kuzibua kipande chake cha mtaro, kuanzia chini kwenda juu.